Wewe uliyesema nimetengeneza ugoro mbele ya foleni nzima, uzi huu ni wako

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, buti sijavua na vumbi la lusini, yale majani ya kulishia mifugo, bado limo puani. Niacheni niandike kabla sijatulia, maana nikitulia nitasamehe, na leo sitaki kusamehe mtu.

Mnamjua. Kuanzia Tengeru mpaka Kikatiti nani hamjui? Yule mwenye mashine ya kushindilia hei (majani ya mifugo yaliyokaushwa) iwe vitofali, anayevaa koti la mvua kiangazi, anayekujibu huku macho yako kwenye simu. Jina sitaji. Akipita humu atajiona.

Nina robo tatu ya eka ya lusini. Nimeilea kama mtoto wa mwisho. Zamu yangu ya mfereji ni saa 8 usiku, naamka. Ndago naing'oa kwa mkono, mpaka mke wangu akauliza kama nimeoa shamba. Nikakata, nikaanika, nikafunga marobota 42 kwa lile boksi la mbao, nikakodi kirikuu safari tatu. Nilichotaka ni vitofali. Robota la lusini linajaza banda, na kila ukilinyanyua majani yanapukutika, unafika na vijiti. Kitofali unakitia kwenye kiroba, unakiuza kwa kilo, na wenye farasi huku Usa River wanavitafuta.

Foleni nimepanga saa 1 asubuhi. Zamu yangu ikafika saa 9. SAA 9! Jua limenikausha mimi na hei yangu. Akatupia robota la kwanza, mashine ikakohoa, ikanguruma, kikachungulia kitofali. Kijani, unene wa vidole viwili, moto kama mkate. Nikakipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa natafuta simu nikipige picha.

Akaninyang'anya. Akakiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, akabonyeza. Pfuu. Unga. Akaupuliza ukanijaa kwenye ndevu, kisha kwa sauti ya mnadani: "Mzee, hii siyo chakula cha ng'ombe. Umetengeneza ugoro. Kawauzie wazee wa bao."

Ugoro!

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mama alikuja na marobota manne tu, tangu asubuhi ananiita baba, baba, alicheka mpaka kanga ikamvuka. Dereva wangu wa kirikuu, ambaye namlipa MIMI, akapiga chafya ya kuigiza. Narudia, wakuu: alipiga chafya.

Sasa mtu mwenye wajukuu wawili unampulizia lusini kwenye ndevu? Hela umeshachukua, mashine ni yako, halafu kosa ni la majani? Nikamwambia matundu ya sahani yako yamelika, panya anapita na mkoba. Akanijibu, "Basi mlete huyo panya, maana ng'ombe hataigusa." Foleni ikacheka upya. Ilikuwa kama wamelipa kiingilio.

Nimerudi na viroba 11 vya ugoro. Mnaona? Na mimi nimeanza kuuita ugoro! Mjukuu kafungua geti, "Babu umeleta nini?" Kabla sijafungua mdomo, dereva kamjibu. Mnajua alimjibu nini.

Kofia ya Majani: Pole mkuu. Nimecheka, lakini pole. Uliianika siku ngapi?

Mleta uzi: Sita. Jua la kutosha. Sikutaka ivunde.

Kofia ya Majani: SITA? Mkuu, hiyo uliikaanga. Lusini ni jani, shina ni kuni tu. Kama theluthi mbili ya protini imo kwenye jani. Ukigeuza saa 7 mchana jani lote linabaki chini, wewe unabeba vijiti. Inageuzwa asubuhi umande haujakauka. Na kabla ya kuingia mashineni hunyunyiziwa maji kidogo, ule utomvu wa jani unakuwa gundi, ikikutana na joto na mgandamizo inashika. Alinyunyizia?

Mleta uzi: Alichonyunyizia ni mate, wakati ananitukana.

Karanga za Bure: Nimekaa pale kwenye kona na karanga zangu. Endeleeni.

Mama Maziwa Asubuhi: Mwenye marobota manne ni mimi. Kanga haikunivuka, usinisingizie baba yangu. Na simulia yote basi. Marobota yako yalikuwa nusu nyasi. Nilichomoa ndago kwa mkono wangu huu, na mfuko wa maandazi.

Mleta uzi: Ule mfuko haukuwa wangu.

Mama Maziwa Asubuhi: Ulikuwa na maandazi mawili. Uliyatazama kwa majonzi kama mtu anayeyafahamu.

Karanga za Bure: Maandazi ndani ya robota 😂😂 Ng'ombe wa huyu mzee wanakunywa na chai.

Fundi wa Zamu: Hapo kwenye nyasi ndipo kwenye tatizo. Nyasi hazina ile gundi. Zikizidi kama sehemu moja ya kumi, vitofali vinaanza kubomoka, labda uongeze molasi. Mashine hizi asili yake ni California, miaka ya 1960. Mwanzoni zilitembea zenyewe shambani zikiokota hei, kwa sababu kule hewa ni kavu na...

Dogo wa Maji ya Chai: Fundi, mtu amepuliziwa unga kwenye ndevu, wewe unatupeleka California.

Fundi wa Zamu: Natoa elimu bure. Haya, hili hapa la kumsaidia mleta uzi: kitofali kinachotoka kwenye mashine ni laini. Kinatandazwa kipoe, ndipo kinakuwa kigumu. Ukikibonyeza kikiwa bado moto hata kizuri kinavunjika. Na usikitie kwenye kiroba na moto wake, kitaota ukungu.

Mleta uzi: MNASIKIA? MNASIKIA JAMANI? Alikibonyeza kikiwa moto! Makusudi! Kilikuwa moto kama mkate, nimeandika hapo juu, someni! Alitaka tu kupata pa kusemea ugoro!

Mama Maziwa Asubuhi: Vyangu alivibonyeza vikiwa moto vilevile, havikuvunjika.

Karanga za Bure: Mama hana huruma.

Sungura Milele: Samahani wakuu, hii lusini ndiyo niliyolisha sungura wangu wakanyonyoka manyoya? Walibaki 14 wanafanana na panya wa maabara.

Kofia ya Majani: Hiyo ni lusina, mkuu. Lusina ni mti, una sumu ya kunyonyoa manyoya. Sungura, farasi na nguruwe hawaiwezi. Lusini ni hii fupi yenye maua ya zambarau, hiyo sungura wanakula.

Sungura Milele: Kwenye pakiti ya mbegu iliandikwa LUSIN. Herufi ya mwisho ilikuwa imefutika.

Dogo wa Maji ya Chai: Nimeanguka kitandani.

Mama Maziwa Asubuhi: Muuza mbegu huyo namjua, wa pale karibu na stendi, mwenye meno mazuri. Mimi aliniuzia mbegu za nyasi nikapanda, nikamwagilia miezi miwili, ikaota mchicha.

Pumba Safi: Afadhali mchicha unapikika. Mimi nimechekecha gunia moja la pumba za mahindi nikapata mchanga wa kupigia plasta choo. Sitanii, choo kimekwisha, kimebaki mlango.

Kofia ya Majani: Wa pumba ni yule wa mizani ya kamba?

Pumba Safi: Nani mwingine.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye ugoro.

Kuku wa Kibanda: Mkuu ugoro unauzaje kiroba? Unga wa lusini ukichanganya kidogo kwenye chakula cha kuku, kiini cha yai kinakuwa njano ya kuvutia. Nipatie viroba viwili.

Mleta uzi: Hauuzwi. Ni ushahidi.

Kuku wa Kibanda: Ushahidi wa kupeleka wapi?

Mleta uzi: Bado natafakari.

Lita Ishirini: Ninyi mnalia vumbi na mchanga. Mimi niliuziwa ng'ombe wa lita 20 kwa siku. Anatoa lita nne na teke.

Pumba Safi: Teke moja au mawili?

Lita Ishirini: Moja, lakini la ndoo. Nimeshanunua ndoo tano.

Mama Maziwa Asubuhi: Subiri kwanza. Ana doa jeupe kwenye paji la uso?

Lita Ishirini: Ndiyo.

Mama Maziwa Asubuhi: Sikio la kulia limechanika?

Lita Ishirini: Ndiyo!! Umejuaje mama?

Mama Maziwa Asubuhi: Mguu wa kushoto ndio unaopiga?

Lita Ishirini: Mama, umejuaje?

Karanga za Bure: Karanga zimeisha, naomba mtu aniletee nyingine haraka.

Mama Maziwa Asubuhi: Mwanangu, mimi nilimuuza kama wa lita nane. Hizo 12 ziliongezwa njiani.