Kikundi cha ukoo: safari ya Ziwa Duluti Jumamosi

Mama Neema: Habari za jioni jamani. Jumamosi iko palepale? Watoto wameshaanza kupanga nguo.

Kelvin: Ipo. Tunatoka Moshi saa 1 asubuhi, Usa River tunawapitia kama saa 3. Nimeongea na mwenye mitumbwi, anayo miwili.

Baba Mdogo: Kelvin, mtumbwi mmoja unabeba wangapi?

Kelvin: Shikamoo Baba Mdogo. Kasema watatu, ila watoto ni wepesi, wawili tutawahesabu kama mtu mmoja.

Baba Mdogo: Marahaba. Hapana mwanangu. Majini mtoto ni mtu kamili. Akisogea ghafla kuangalia ndege, mtumbwi unalala upande, uzito wake mdogo hausaidii kitu. Wakisema watatu ni watatu, wengine wasubiri zamu.

Anko Frank: Kaka, Duluti hapo Tengeru ni padogo, ng'ambo unaiona. Si Ziwa Victoria.

Baba Mdogo: Frank, Duluti ni shimo la volkano. Hatua chache tu kutoka ukingoni hugusi chini. Na hilo la kuona ng'ambo ndilo linaloniumiza. MV Nyerere mwaka 2018 ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara, watu wanaiona nchi kavu. Kivuko cha watu 101, waliokufa 228. Nilikuwa Mwanza wiki ile, sitaki hata kusimulia.

Shangazi Usa: Mungu awapumzishe. Mimi naunga mkono zamu.

Mama Neema: Na majaketi ya kuokolea je? Mwaka jana tulipanda boti mahali fulani, Junior akapewa la mtu mzima. Alipoingia majini lile jaketi likampanda mpaka usoni, kichwa kikazama humo ndani. Baba yake alimnyakua haraka, lakini mimi mpaka leo nikiona maji moyo unaruka.

Baba Mdogo: Pole sana mwanangu. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa kilo zake. Kabla hajapanda, funga vifungo vyote, halafu mshike mabegani kwenye jaketi umvute juu. Likipita kidevu, kubwa hilo, rudisha. Zuri zaidi ni lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Na livaliwe tukiwa bado nchi kavu. Nimeona watu wazima wanalikalia kama mto! Ukishaanguka huna muda wa kulivaa.

Kelvin: Sisi tunaojua kuogelea?

Baba Mdogo: Mnavaa. Maji ya baridi yanakata pumzi hata kwa mwogeleaji. Mtumbwi ukipinduka, shikeni mtumbwi wenyewe, msiuache kukimbilia ukingoni. Unaelea, na mwenye kuokoa anauona kirahisi kuliko kichwa cha mtu.

Anko Frank: Sawa kaka, nimekuelewa. Mbege niliyoandaa basi?

Baba Mdogo: Ije, ila inywewe wote wakiwa wameshatoka majini. Hata mpiga kasia asionje.

Shangazi Usa: Mimi nitabaki ukingoni na simu. Namba ya Zimamoto ni 114, nimeshaiandika. Nitahesabu wanaoingia na wanaotoka. Nikisikia radi, nawaita wote.

Kelvin: Kuna jamaa mwingine ana boti ya injini, anasema mwezi ujao atupeleke bwawa la Nyumba ya Mungu.

Baba Mdogo: Muulize kwanza kama imekaguliwa na TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na cheti kinaruhusu abiria wangapi. Akianza kuzunguka na maneno, achana naye. Kule kuna mamba, usiombe mkwame katikati.

Kelvin: Sawa, namuuliza.

Baba Mdogo: Sasa wazazi, nitumieni kilo za watoto leo hii, mwenye mitumbwi athibitishe saizi kabla hatujalipa.

Mama Neema: Junior 17. Neema 26.

Shangazi Usa: Pacha wangu nawapima sasa hivi, kuna mzani hapo dukani.

Kelvin: Baba Mdogo, nimempigia. Majaketi ya watoto anayo mawili tu.

Baba Mdogo: Basi watoto watapanda wawili wawili. Tutafika mapema, muda upo.