Mkishafuta kanuni za amri, tuleteeni mweso tucheze

Wakuu, nimechoka, na leo nasema. Hapa Kampala tunaocheza vita vya kihistoria mezani, kwa askari wa sanamu ndogo na dadu, ni wachache, na hao wachache wameanza kuruka ukurasa wa amri, yaani kanuni za jinsi agizo la kamanda linavyokifikia kikosi, kila mara, eti "ili mchezo uende haraka". Uende haraka wapi?

Jumamosi tuliweka pambano la Lukaya, Uganda, vita vya Tanzania na Idi Amin, Machi 1979. Wanaolijua wanajua: Brigedi ya 201 ya Tanzania ilipigwa maroketi ya Walibya waliomsaidia Amin ikatawanyika, huku Brigedi ya 208 ikiwa mbali, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi. Ikaamriwa igeuke, ikatokea barabara ya Kampala alfajiri ya tarehe 11. Utamu wote wa pambano uko hapo. Amri itafika? Saa ngapi? Na ikifika, wale wa 201 watakuwa wamebaki na nini? Sasa mwenzetu alipoona 201 inayumba, papo hapo akaisogeza 208. Hakurusha dadu, hakuandika amri, hakutuma mjumbe. Kulalamika, najibiwa "si wote tunaona meza?" Banange! Wewe unaona. Brigedia aliye kilomita 60 anaona nini? Mchezo wa kila mtu kuona kila kitu tunao tangu enzi za mababu, unaitwa mweso, bao letu la kete, na hauhitaji kupaka rangi askari wa milimita 15 mpaka macho yaume.

Balaclava, vita vya Crimea, tarehe 25 Oktoba 1854: Raglan, jemadari wa Waingereza, yuko juu kilimani, mizinga anayoitaka anaiona. Lucan, mkuu wa wapanda farasi wake, yuko bondeni, haioni. Karatasi ya amri inafika, haieleweki, na wapanda farasi wa Cardigan, aliye chini ya Lucan, wanaishia kukimbilia mizinga mingine kabisa. Mezani kwetu jambo kama hilo haliwezi kutokea hata kwa bahati mbaya, halafu tunajiita watu wa historia.

Na msiniambie kanuni hizi ni nzito. DBA, kanuni fupi za kucheza vita vya kale mezani, ipo tangu 1990: jeshi la vipande 12, dadu moja kila zamu, ukipata 1 unasogeza kundi moja basi. Mimi siipendi sana, maana dadu humwadhibu jenerali hodari sawasawa na mjinga, lakini heri hiyo. Waprusia waliocheza mchezo wa vita wa afisa wao von Reisswitz, 1824, waliandika amri wakampa mwamuzi, naye akaamua kikosi kitaipata lini. Karatasi na kalamu! Hata hivyo vimetushinda?

Halafu kunong'onezana. Makamanda wa brigedi mbili wanapangiana mashambulizi sikioni, na mmoja akitoka kununua rolex, ile chapati ya mayai, anatumiwa WhatsApp. Vita vya 1979!

Jumamosi ijayo nakuja na daftari la amri, na kama hakuna anayetaka kuwa mwamuzi nitakaa mimi. Kuna mtu Jinja au Entebbe anayecheza kwa amri za maandishi? Nitumie ujumbe, nauli nitachangia.