Sakafu ya kibanda cha stoo bustanini: zege, mbao au pevingi?

Mpanda Miche, Morogoro

Habari zenu, wakuu. Nimeanza kujijengea kibanda cha stoo nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 4, kwa ajili ya majembe, bomba la kunyunyizia dawa, mifuko michache ya mbolea na, baada ya mavuno, magunia kama kumi ya mahindi. Nguzo sita za mikaratusi zimekwisha kusimama na bati nimenunua, ila nimekwama kwenye sakafu. Jirani ananishauri nimwage zege, shemeji yangu anasema mbao ni rahisi zaidi kwa mtu asiye fundi, na mimi nina pevingi zilizobaki nilipotengeneza njia ya gari, zinazotosha karibu nusu ya eneo. Kiwanja kina mteremko, na wakati wa masika maji hupita karibu kabisa na pembe moja ya kibanda. Mchwa tunao: mwaka jana nilibonyeza kizingiti cha banda la kuku kwa kidole, kidole kikaingia. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya kazi hii kwa mikono yao.

Fundi Mstaafu

Ndugu Mpanda Miche, adui zako wawili, maji na mchwa, wote wanatokea chini, kwa hiyo usichague sakafu kwa kuangalia uso wake. Pevingi ziweke kando. Zinalazwa juu ya mchanga na kuachiwa viungo vilivyo wazi, jambo ambalo ni zuri njiani kwa kuwa maji yanapenya, lakini ndani ya stoo unyevu utapanda kupitia viungo hivyohivyo hadi kwenye magunia, na mahindi yaliyopata unyevu ndiyo yanayoota ukungu wenye sumukuvu.

Mimi ningemwaga zege. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza moramu kwa matabaka ya sentimita 10 huku ukimwagia maji kidogo na kushindilia kila tabaka, mpaka uso wa sakafu utakapokuwa angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Juu ya moramu tandaza mchanga mwembamba ili mawe yasitoboe nailoni, pulizia dawa ya mchwa, kisha tandika nailoni nzito ya ujenzi na uipandishe pembeni. Watu wengi huiruka nailoni kwa sababu haionekani kazi ikiisha, halafu wanashangaa kwa nini sakafu iliyopigwa niru inatoa jasho. Kwa unene wa sentimita 10 utahitaji zege la mita za ujazo 1.2, na kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko kama 6 ya saruji ya kilo 50. Usizidishe maji ili lilainike mkononi, na ulimwagilie siku 7 likiwa limefunikwa.

Maji ya mteremko yachimbie mfereji upande wa juu kabla ya yote hayo.

Mama Mbegu, Dodoma

Ninamheshimu Fundi, lakini zege si jibu la kila kiwanja. Kwangu ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka kiangazi kiasi cha kuingiza mkono. Sakafu yangu ya kwanza ya zege ilipata ufa kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ndani ya misimu miwili, na mchwa waliingilia humo humo. Nilipojenga upya niliinua sakafu ya mbao juu ya nguzo fupi za tofali za saruji, sentimita 45 kutoka ardhini, na juu ya kila nguzo nikaweka kofia ya bati iliyokunjwa kuelekea chini. Kofia hiyo haiui mchwa, ila inawalazimisha kujenga kijia chao cha udongo mahali unapokiona. Kila Jumamosi ninainama na tochi, na nikikuta kijia ninakivunja. Nguzo ikizama kidogo, ninachomeka kabari.

Mbao nilizotumia ni za paini zilizowekwa dawa. Kila unapokata, paka dawa tena kwenye ncha, kwa maana moyo wa ubao mara nyingi haukufikiwa. Tafadhali msipeleke vipande jikoni kuwa kuni, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Fundi Mstaafu

Mama Mbegu amesema kweli kuhusu udongo wa mbuga, na kama kiwanja kingekuwa hivyo nisingebishana naye. Hata hivyo, magunia kumi ya kilo 100 ni tani nzima, kwa hiyo anayechagua mbao asiachanishe sana boriti za chini.

Kuna jambo ambalo sote tumelipita. Nguzo hizo za mikaratusi zimezikwa ardhini moja kwa moja?

Mpanda Miche, Morogoro

Ndiyo, Mzee wangu, sentimita 60, na nilizipaka oili chafu tu. Udongo wangu ni mwekundu, haupasuki.

Fundi Mstaafu

Basi mchwa hawataihitaji sakafu yako. Watapanda kwenye nguzo hadi kwenye kenchi, mbao zinazobeba bati. Kwa kuwa bati halijapanda, zing'oe sasa. Mwaga vitako vya zege vinavyotokeza juu ya usawa wa sakafu, zamisha humo vyuma bapa viwili viwili, na nguzo uzifunge kwa bolti zikiwa hazigusi udongo. Ni kazi ya siku mbili. Mbolea na mahindi yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, kwani baadhi ya mbolea hula zege zikimwagika na kulowa.

Mpanda Miche, Morogoro

Ninawashukuru nyote. Leo asubuhi nimeng'oa nguzo ya pembeni, ile ya upande wa maji, nikakuta ganda la chini limekwisha kuliwa upana wa kiganja, na haijamaliza miezi miwili. Nitamwaga zege pamoja na vitako. Pevingi nitazilaza nje, mbele ya mlango, ili tusiingie na matope.