Mrejesho: ile familia ya Wakongo waliokuwa karantini Portland

Jamani niliwauliza nifanyeje kusaidia familia iliyofungiwa ndani na korona huku Portland, Maine, Marekani, wanaomba hifadhi, kibali cha kazi bado na zile dola 1,200 za msaada wa korona ambazo serikali ilitoa 2020 hawakupata maana hawakuwa na namba ya Social Security (namba ya serikali ya kufanyia kazi na kulipia kodi). Mliosema nianzie shule ya watoto Mungu awabariki sana, mwalimu kaongea na kliniki, kliniki ikaleta mkalimani wa Kiswahili kwa simu, kanisa nalo likaleta unga, maharage na sombe (kisamvu), wanaacha mlangoni wanagonga wanarudi kwenye gari. Mama wa watu alilia kusikia maelezo ya dawa kwa lugha yake! Kodi ya nyumba ndo bado, fomu tumepeleka ofisi ya jiji, tunasubiri.