Mtaa wa Jini wa Hogarth: alimtetea maskini au alimshitaki?

Mleta mada

Wadau, hili limenikaa kichwani muda mrefu, leo naliweka mezani. Wapenzi wa historia wanaijua picha ya Gin Lane, yaani Mtaa wa Jini (ile pombe kali), aliyoitoa mchoraji William Hogarth jijini London tarehe 1 Februari 1751 pamoja na pacha wake, Beer Street, Mtaa wa Bia. Kila picha ilichongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa, na chini yake kuna beti 3 za kasisi James Townley. Mwaka uleule Bunge lilipitisha sheria ya kubana uuzaji wa jini. Tangu hapo picha hii husifiwa kwamba iliwaokoa maskini wa London. Mimi sikubali. Nasema iliwashitaki.

Itazameni. Katikati mama amekaa kwenye ngazi, kifua wazi, miguu imejaa vidonda. Anachota ugoro kwenye kikopo, na mtoto wake anaporomoka kichwa chini kutoka mikononi mwake. Hata hajageuka kumwangalia. Huwezi kuitazama picha hii bila kuanza na mama huyo, na ukishamwona umeshamhukumu. Sasa niulize: jini ilifikaje mtaani kwake? Sheria ya 1690 iliwafungulia watu mlango wa kutengeneza pombe kali kwa nafaka za Uingereza. Wenye mashamba walitaka soko la nafaka yao, serikali ikataka kodi, na wenye mashamba hao ndio waliokaa Bungeni. Mtafuteni mmoja wao kwenye picha. Hayumo.

Halafu bei. Nakala moja iliuzwa shilingi 1, na Hogarth mwenyewe alitangaza gazetini kwamba ameifanya rahisi kadiri ilivyowezekana kwa kuwa imelenga kurekebisha maovu ya watu wa tabaka la chini. Kibarua wa London alipata kama shilingi 10 kwa wiki. Shilingi moja ilikuwa peni 12. Ndani ya picha, juu ya mlango wa pango la jini, kibao kinasema kulewa ni peni 1, kulewa chakari ni peni 2, na majani ya kulalia ni bure. Huyo kibarua atoe peni 12 anunue karatasi ya kumsema? Walionunua ni mabwana zake, wakaitundika ukutani wakiwa na hakika kwamba shida ya maskini ni maskini mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja ni nzito ila umeishia katikati ya picha. Nenda kushoto. Pale kuna duka la rehani. Fundi seremala anakabidhi msumeno wake, yaani kesho hana kazi. Nyuma yake mwanamke ameshika vyungu na birika, yaani kesho jikoni hakuna moto. Mwenye duka anaukagua msumeno kwa makini kabisa. Mtaa mzima unabomoka, ila nyumba yake imesimama imara, na alama ya duka lake, ile mipira 3, imekaa hewani juu ya kanisa la mbali kana kwamba ndiyo msalaba wake. Kileleni mwa mnara wa kanisa hilo kuna sanamu ya Mfalme George wa Kwanza, iko juu sana, haimwoni mtu.

Sasa fungua Mtaa wa Bia. Kule wote wamenawiri, na nyumba pekee inayoanguka ni ya mwenye rehani. Amejifungia ndani anapokea bia yake kupitia tundu la mlango. Mtu aliyepanga hivyo alijua fedha ya maskini inaishia mfukoni mwa nani.

Na alijua kwa uchungu. Baba yake, Richard Hogarth, alikuwa mwalimu wa Kilatini. Alifungua nyumba ya kahawa ambamo wateja wangezungumza Kilatini, biashara ikafa, akafungwa gereza la Fleet kwa madeni. William alikuwa bado mtoto. Baadaye alikuwa miongoni mwa magavana waanzilishi wa makao ya watoto waliotupwa, yaliyopewa hati ya kifalme mwaka 1739. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mpiga debe wa matajiri.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na niongeze kuhusu yule mama. Mwaka 1734 Judith Defour alimchukua bintiye wa miaka 2 kutoka makao ya maskini ya parokia, ambako mtoto alikuwa amevikwa nguo mpya. Akamnyonga, akauza nguo hizo kwa shilingi 1 na peni 4, fedha ikaishia kwenye jini. Alihukumiwa katika mahakama ya Old Bailey, akanyongwa. London iliikumbuka kesi hiyo miaka mingi, kwa hiyo Hogarth hakuzua hofu kutoka hewani.

Kumbukeni pia kwamba sheria za ukali zilikuwa zimeshajaribiwa zikashindwa. Ile ya 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka. Watu wakauza kwa kificho, ghasia zikazuka, na mwaka 1743 ikafutwa. Januari 1751 Henry Fielding, hakimu wa Bow Street na rafiki wa Hogarth, alitoa kitabu kilicholaumu jini kwa ongezeko la wizi, na picha zikafuata wiki chache baadaye. Walikuwa wanasukuma gogo moja.

Ila tusiipe picha sifa zote. Jini ilipungua pia kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya miaka iliyofuata, hata mwaka 1757 ikapigwa marufuku kutengeneza pombe kali kwa nafaka.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu bei sikubaliani na mleta mada. Karatasi moja kwenye ukuta wa kilabu au dirisha la muuza picha ilionwa na mamia bila kulipa hata peni. Asiyejua kusoma alisomewa. Ndiyo kazi ya vina, ukisikia mara mbili umeshashika.

Mleta mada

Ndugu zangu, kuhusu duka la rehani nimesahihishwa, na la madirishani nalikubali. Lakini huyo wa tatu amenipa hasa nilichokuwa nakitafuta. Kama watu walisomewa, basi walishika nini?

Beti za Townley ni za mishororo minne minne, vina vinapishana. Ubeti wa kwanza unaiita jini pepo aliyelaaniwa, anayeingia kwa funda moja na kutuibia uhai. Sisi Waswahili hatuhitaji kueleweshwa sana hapo, maana neno letu moja linabeba kinywaji na pepo. Wa pili unasema pepo huyo amefukuza wema na ukweli, amelea wizi, uuaji na kiapo cha uongo. Wa tatu unakilaani kikombe chenye moto wa maji unaopeleka wazimu moyoni. Basi. Someni tena na tena: msumeno haumo, birika haimo, mipira mitatu haimo. Muuzaji hatajwi hata kwa fumbo. Pepo hana shamba la nafaka, hakai Bungeni, halipi kodi, kwa hiyo akilaumiwa yeye hakuna anayeguswa.

Kwa hiyo nabadilisha shitaka langu. Mkono wa Hogarth uliona zaidi ya kalamu ya kasisi, lakini aliyesimama dirishani alirudi nyumbani na beti. Na beti hazikuandikwa pembeni zikaweza kukatwa. Zilichongwa kinyumenyume kwenye shaba ileile, zikapakwa wino uleule.

Kuna kitu kimoja nimekiona jana usiku nikiwa nimeikuza picha. Pembeni kulia, chini kwenye ngazi, kuna mtu amebaki mifupa. Amevaa koti bila shati, mbavu unaweza kuzihesabu, mbwa mweusi amekaa kando yake. Mkononi ana glasi. Kikapu chake kimebeba karatasi ya mashairi ya kuuza mtaani, na kichwa cha mashairi hayo kinahusu kuanguka kwa Bibi Jini. Ni mchuuzi wa beti za kuilaani jini, na jini imemuua. Macho hayaoni tena, na karatasi bado imo kikapuni, haijanunuliwa. Townley alipewa nafasi sentimita chache chini ya miguu yake, na hakumwandikia hata mshororo mmoja.

Anayemtetea kasisi, ukumbi ni wake.