Naomba ushauri: Wicklow Way kwa siku nne

Habari zenu wakuu. Niko Dublin, nataka kutembea Wicklow Way (njia ya watembea kwa miguu milimani, hapa Ireland) mwezi wa tano, peke yangu. Njia nzima ni kama kilomita 130, kutoka Marlay Park hadi Clonegal, na mimi nina siku nne tu. Nimeshajaribu kipande cha Marlay Park hadi Knockree kwa siku moja: magoti yaliniuma, raba zikalowa chapachapa (mvua ya huku haibishi hodi).

Je, niishie Glenmalure au nijikaze hadi Tinahely? Na kule White Hill, mita 630, kwenye njia ya mbao, upepo ukizidi mnapita au mnageuza? Hema ninalo, ila zito. Natanguliza shukrani.