Mahubiri yanamwandaaje mtu kubadilika ndani?

Kijana wa Kirumba: Wakuu habari za jioni, mi nauza dagaa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, kila Jumapili neno linanichoma kweli kweli ila Jumatatu nikishika mizani narudi vilevile, sasa hayo mahubiri yananiandaa kwa lipi?

SangaraMkavu: Kuchomwa ndo mwanzo mkuu. Cheki Matendo 2:37, watu walichomwa mioyo kwanza ndo wakauliza tutendeje, Petro akawaambia tubuni. Mhubiri analima tu, kuotesha si kazi yake.

Mama Igoma: Mdogo wangu soma Luka 3, Yohana Mbatizaji alikuwa anaandaa njia, watoza ushuru wakamuuliza nao wafanyeje, wala hakuwapa maneno matamu, aliwaambia wasitoze kuzidi walichoamriwa basi. We kwako ni hiyo hiyo mizani 😂

SangaraMkavu: Mama kaua hapo. Ila wahubiri nao wapunguze spika, mtu atajisikia saa ngapi moyoni na kelele zote zile?

Kijana wa Kirumba: Aisee mama umenishika pabaya. Kuna jiwe huwa naweka chini ya sahani ya mizani, kesho nalitupa ziwani.

Mama Igoma: Litupe leo.